UA LA KOPO NA NYANYA ZETU
(Maneno ya Kamati ya Bustani mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyabandika hapa ubaoni kwa ajili ya ndugu waliokuwa shambani siku ile.)



Tumepewa muda mfupi kabla ya hesabu za ufuta, kwa hiyo hatutazunguka.

Wote mnalikumbuka lile ua jekundu lililokuwa kwenye makopo ya rangi mlangoni mwa ghala. Mwenzetu mmoja, mama wa hapa hapa Mbesa, alileta kijiti chake kutoka Songea mjini, amekifunga ndani ya khanga iliyoloweshwa. Akasema kule wanaliita jeraniamu. Kijiti kimoja kikatoa makopo saba. Ghala likapendeza, mpaka waliokuja na mizani wakauliza ni ua gani.

Halafu nyanya za ushirika kule mtoni zikaanza kunyauka, tena zingali kijani, zimebeba. Asubuhi zimesimama, adhuhuri zimelala, siku ya nne basi tena. Tukaanza kutafuta mchawi. Kijana mmoja akasema amesoma kwamba ua hilo hilo liliwahi kupeleka ugonjwa wa namna hiyo Marekani. Sisi Kamati tukasema: ndilo! Tukaamuru makopo yote yang'olewe, na mama yule tukamwandikia faini ya kulipia mbegu.

Leo tumesimama kusema kwamba tulikosea. Lakini hatukukosea mahali pote, ndiyo maana inafaa tueleze vizuri.

Alichosema kijana ni kweli. Mashamba ya Kenya hukuza jeraniamu kwa vijiti, na vijiti husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani wakavipande kwenye makopo. Mwaka 2003 vijiti vilivyotoka Kenya vilikutwa Marekani vikiwa na vijidudu vya mnyauko, ambavyo wataalamu huviita Ralstonia. Maua mengi yakazuiliwa na kuteketezwa. Mwaka 2020 wakavikuta tena, safari hii katika vijiti vilivyotoka Guatemala. Wenzetu wale hawakuwa wanalilia maua. Walikuwa wanaogopa viazi na nyanya zao, kwa sababu aina hiyo ya vijidudu hushambulia mazao hayo. Na ubaya wa jeraniamu ni kwamba linaweza kubeba ugonjwa likiwa zima machoni, hasa penye ubaridi. Unakata kijiti kizuri, unampa jirani, na ugonjwa umekwenda naye.

Hapo tulikuwa sawa. Kosa letu ni kwamba tulihukumu kwanza, tukauliza baadaye.

Bwana shamba alipofika alituomba vitu viwili tu: glasi ya maji safi na daftari la bustani. Alikata kipande cha shina la mnyanya ulionyauka, karibu na chini, akakishikilia ncha yake ikiwa ndani ya maji bila kukitikisa. Hazikupita dakika nyingi, uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina kama moshi, kama tone la maziwa linavyozama. Huo ndio mnyauko wa bakteria. Mnyanya ulionyauka kwa kiu hautoi uzi ule. Hata watoto wa shule waliokuwepo waliuona, na tangu siku ile wamemaliza glasi za mama zao kwa kujaribu.

Halafu akafungua daftari. Jamani, daftari letu wenyewe, mwandiko wetu wenyewe: mwezi wa sita, tuta la kwanza, miche miwili imenyauka. Na lile ua lilifika lini? Mwezi wa nane. Ugonjwa ulimtangulia mama yule kwa miezi miwili.

Akauliza tena, kwenye tuta lile mlipanda nini kabla? Nyanya. Na kabla ya hapo? Bilinganya. Na kabla yake? Nyanya. Akatutazama tu. Vijidudu hivi hukaa udongoni, husafiri na maji ya mfereji, na matope ya jembe na ya viatu. Nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo na tumbaku, yote hayo ni chakula chao. Sisi tulikuwa tunawapikia msimu hadi msimu.

Kuna jambo jingine, nalo ni la aibu zaidi. Kisu tulichokatia vijiti vya jeraniamu kilikuwa kile kile cha kupunguzia machipukizi ya nyanya. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba sisi ndio tulioyaambukiza maua. Hatutajua kamwe, kwa sababu tuliyang'oa na kuyachoma kabla ya mtu yeyote kulikata hata shina moja.

Dawa ya kuponya mmea ulioshikwa hakuna. Msidanganywe dukani. Mche ulionyauka ung'olewe na mizizi yake, uchomwe mbali na mfereji. Tuta lile sasa litapandwa mahindi, halafu vitunguu au kabichi, kwa misimu kadhaa. Kisu kichovywe kwenye maji ya jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, kabla ya kuhamia mmea mwingine.

Sasa, wengi wameuliza kama maua yatarudi. Yatarudi, lakini yakae mbali na bustani ya mboga, na vijiti vitoke kwa mtu tunayemjua ambaye nyanya zake hazinyauki.

Vijana wawili walisikia kuna jeraniamu ngumu isiyokufa kwa baridi kali, wakataka hiyo. Hiyo ni nyingine. Ile ya makopo asili yake ni Afrika Kusini. Mtaalamu wa Sweden aitwaye Linnaeus aliziweka zote katika jina moja mwaka 1753, na ingawa zilitenganishwa mwaka 1789, watu wanaendelea kuzichanganya hadi leo. Ile ngumu ni ya penye ubaridi, na zipo za porini hata huku kwetu, juu Kilimanjaro. Mbegu yake ina ncha ndefu kama mdomo wa korongo, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiyunani la ndege huyo. Mbesa ni joto, haitatupenda. Tubaki na ya kopo.

Hiyo ya kopo haina makuu. Kata kijiti cha urefu wa vidole vinne vya kulala, chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini. Kiache kivulini nusu siku mpaka kidonda kikauke, ndipo ukichomeke kwenye udongo uliochanganywa na mchanga. Kopo litobolewe chini. Jua la asubuhi linatosha. La saa nane litaliunguza. Maji mpe udongo, usiyamwagie majani, na usirudie mpaka udongo wa juu ukauke. Masika makopo yaingie barazani, kwa sababu ua hili huoza mizizi upesi kuliko linavyokufa kwa kiu. Na wanaosema eti linafukuza mbu, mche uliokaa tu kwenye kopo haufukuzi mbu. Chandarua kitandikwe kama kawaida.

Faini ya mama yule tumeifuta. Fedha aliyokwisha kulipa ipo kwa mtunza hazina, ndani ya bahasha yenye jina lake, achukue siku yoyote. Tumemwomba pia atuletee kijiti kingine. Amesema atafikiri.