Bustani ya Spinachi Karibu na Jiko


Tutasema juu ya mboga, jambo dogo. Lakini fedha itokayo katika nyumba zetu za Luanda Kotieno kununulia mboga si ndogo. Mtu hukesha ziwani, huuza omena asubuhi, na sehemu ya fedha ile ile hununua majani yaliyolimwa na watu wengine.

Osuga, dek na apoth hatusemi ziachwe, maana ni tamu kuliko hii. Lakini hizo hufuata mvua. Spinachi ikipata maji huchumwa miezi mingi. (Hii tuiitayo spinachi ni jamaa ya bitiruti, ile ya Ulaya hasa haipendi joto letu.)

Mbegu zilowekwe usiku mmoja. Mbegu moja huweza kutoa miche miwili au mitatu: ing'olewe, ubaki mmoja, na kati ya mche na mche ziwe inchi 12. Udongo uchanganywe na samadi iliyooza. Baada ya majuma 8 hivi yachumwe majani ya nje tu, moyo usiguswe. Maji yaliyooshea mboga, yasiyo na sabuni, yafaa kumwagilia.

Bustani isiwe ufukoni. Ziwa lilipanda sana mwaka 1964, na mwezi Mei 2020 likafikia tena kimo kile. Tena kiboko hutoka usiku kula. Heri iwe karibu na jiko, hata kama maji yatachukuliwa kwa ndoo.

Sasa twafika kwenye neno lililotuleta mbele ya Wazee. Bustani nyingi haziuawi na jua. Huliwa na mbuzi. Mavuno yakiisha, mifugo hufunguliwa ijitafutie, kama ilivyo desturi. Desturi hiyo ilifaa pale mashamba yote yalipokuwa matupu kwa wakati mmoja. Leo mama aliyemwagilia miezi miwili huamka akakuta vijiti, na akilalamika huambiwa mbuzi hana akili. Kweli hana, mwenyewe anayo. Uzio wa mnyaa huchukua miaka kukua, na matawi ya miba huliwa na mchwa.

Twawaomba Wazee mkutano huu usivunjike kabla ya kuamua: ama mbuzi wafungwe kamba mwaka mzima, ama mwenye mbuzi alipe. Sisi wa kamati tunao mbuzi pia, nasi tumekubali kuanza na wetu.