Amana na Hisabu: Dola katika Usimamizi wa Vyuo Vikuu vya Umma



Jambo nililotakiwa kulisema mbele yenu jioni hii si geni kwa yeyote aliyeketi humu, kwa kuwa kila mmoja wenu amekwisha kukutana nalo kwa mlango wake: mzazi amekutana nalo katika ada, mwanafunzi katika lile fungu la fedha ambalo yeye na wenziwe huliita bumu na ambalo aghalabu huchelewa, mhadhiri katika kibali cha ajira kisichofika, na mtumishi wa Hazina katika hesabu zisizosawazika. Wote hao, wajue wasijue, wana suala moja: dola inayokijenga chuo kikuu, ikakilipia na kukipa sheria, ina kauli gani juu yake, na kauli hiyo ikome wapi?

Nitaitaja rai yangu mapema, ili anayetaka kunipinga apate wasaa wa kuzipanga hoja zake. Nasema kwamba dola ina haki kamili ya kudai hisabu ya kila senti na ya kila shahada, na kwamba haki hiyo haizai haki ya pili, ya kuamrisha nini kifundishwe, nani afundishe na nani afukuzwe. Na nasema zaidi kwamba katika nchi yetu mambo haya mawili yamechanganywa kwa muda mrefu, hata imekuwa pale panapotakiwa hisabu hutolewa amri, na amri ikisha kutolewa hakuna tena anayeuliza hisabu.

Wako wanaodhani kwamba uhuru wa taaluma maana yake ni chuo kuachwa kijiendee, bila ya kuulizwa na mtu. Dhana hii haisimami. Fedha zinazolipa mishahara yetu zimetoka katika kodi ya mkulima wa pamba wa Shinyanga na ya mchuuzi wa samaki wa Kilwa, watu ambao wengi wao hawakupata kukanyaga darasa la chuo wala hawatarajii kulikanyaga, na ambao wamekubali, kwa kinywa cha Bunge lao, kuyagharimia masomo ya watoto wa wengine kwa tamaa ya kupata tabibu, mwalimu na mhandisi. Atakayewaambia watu hao kwamba hawana la kuuliza atakuwa amewadhulumu, na dhuluma hiyo haitakuwa ndogo kwa sababu imetendwa na mwenye shahada.

Walakini iko namna ya kuuliza. Wazee wetu wa mwambao walikwisha kulitengeneza jambo linalokaribiana na hili walipoweka wakfu. Mtu akilitoa shamba lake la minazi likawa wakfu wa madrasa, tangu siku hiyo shamba si lake tena. Msimamizi huangusha nazi, huziuza, hununua mafuta ya taa na kumpa mwalimu riziki yake, na Kadhi humwita msimamizi huyo kwa hisabu, akimwona na khiyana akamwondoa kwa hukumu. Lakini si mtoaji wala Kadhi anayeingia darasani kumwongoza mwalimu kalamu. Tofauti iko moja tu, nayo ni kubwa: mwenye shamba hutoa mara moja, na dola hutoa kila mwaka, na mkono utoao kila mwaka hupata kila mwaka fursa ya kubana.

Tuitazame sasa tarehe yetu wenyewe. Chuo cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20, na kikiwa hakina hata nyumba yake, bali kimehifadhiwa katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, hata mwaka 1964 ndipo kilipohamia kule juu ambako watu wa Dar es Salaam hupaita Mlimani mpaka leo. Rasi wake wa kwanza, Cranford Pratt, alikuwa mtu wa Kanada, na shahada za chuo hicho zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Hivyo chama kilitoa paa, London ikatoa mizani, na serikali ikatoa fedha. Mwaka 1963 Mlimani, Makerere na Nairobi viliunganishwa vikawa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wake wa kwanza. Na muungano ule, pamoja na taabu zake zote, ulikuwa na faida moja ambayo haikuonekana ila baada ya kupotea, kwamba chuo chenye kulelewa na serikali tatu hakikuwa mali ya serikali moja.

Hata hivyo ngao hiyo ilikuwa nyembamba. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, waliandamana hadi Ikulu kuipinga sheria iliyowataka wahitimu waitumikie Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao katika kipindi cha utumishi huo. Rais aliwapokea uwanjani pamoja na mawaziri wake, akawasikiliza hata msemaji wao akamaliza, kisha akawajibu kwa ghadhabu, akawafukuza zaidi ya 300 warudi kwao vijijini. Na kwa kuwa walikuwa wameitaja mishahara minono ya wakubwa, akaupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20 papo hapo, na wa wakubwa wenziwe pia. Watu hubishana mpaka leo nani alikuwa na haki siku ile, na mimi sina haja ya kuwahukumu vijana wale wala Mwalimu. Ninachotaka mkione ni mlango ambao amri ilipitia: haikutoka katika Baraza wala katika kamati ya nidhamu, ilitoka Ikulu, na chuo kikapata habari ya wanafunzi wake kama mtaa mwingine wowote wa mji.

Tofautisheni na lililotokea Desemba 1969. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha Mlimani, alitoa maneno makali dhidi ya serikali za Afrika huru, na The Nationalist, gazeti la TANU, likamjibu kwa tahariri iliyo kali kuliko maneno yake. Kalamu ilijibiwa kwa kalamu. Rodney aliendelea kufundisha hata 1974, na mwaka 1972 kitabu chake mashuhuri juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatolewa na Tanzania Publishing House, shirika la umma la dola ile ile iliyomkaripia. Lakini haukupita hata mwaka mmoja baada ya karipio hilo, Novemba 1970, USARF, chama cha wanafunzi ambacho mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa kijana Yoweri Museveni, kilipigwa marufuku pamoja na jarida lake la Cheche. Vijana hawa hawakuwa maadui wa ujamaa. Kosa lao ni kuuhubiri bila ya kuagizwa, na wakaambiwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU watosha. Katika tukio la kwanza dola ilijibu hoja, na kitabu kilichozaliwa katika hewa hiyo kingali kinasomwa duniani. Katika la pili ilitoa amri, na sijui faida ambayo taifa lilichuma.

Baina ya matukio hayo mawili ilikuja Sheria Namba 12 ya mwaka 1970, iliyokifanya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa chuo kamili tangu tarehe 1 Julai. Rais wa nchi akawa Mkuu wa Chuo, na Makamu wake akateuliwa Pius Msekwa, aliyetoka katika utendaji wa TANU. Hapakuwa na hila katika uteuzi ule. Dola ilikuwa ikitangaza waziwazi kwamba chuo ni chombo cha siasa yake. Majirani walikwenda njia hiyo hiyo, na wengine wakafika pabaya zaidi: Idi Amin alikuwa Mkuu wa Makerere, na mwaka 1972 Makamu wa Mkuu wa chuo hicho, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na wanajeshi asionekane tena, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Kwetu wahadhiri walikutana Aprili 1990 wakatoa Azimio la Dar es Salaam, lililouweka uhuru wa taaluma bega kwa bega na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Na mwezi uliofuata serikali ikakifunga chuo, kisifunguliwe hata 1991.

Tangu hapo mambo yamebadilika, nasi tusiwe wachoyo wa kukiri. Mlimani haina tena Rais aliye madarakani kuwa Mkuu wa Chuo, na nchini Kenya Rais Kibaki alikiacha cheo hicho kwa hiari mwaka 2003. Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu lililoundwa katika miaka ya 1990 lilifuatwa na Tume ya Vyuo Vikuu kwa Sheria ya mwaka 2005, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi mwaka huo huo. Kila chuo kina Hati Idhini yake, Baraza lake na Seneti yake. Ukisoma karatasi hizi utaona kwamba wakfu umeandikwa vizuri.

Penye tatizo ni pale karatasi inapokutana na kazi. Chukueni idara moja ambayo mhadhiri wake wa somo la takwimu amestaafu. Mkuu wa idara humwandikia Amidi, Amidi humwandikia Makamu wa Mkuu wa Chuo, nafasi hutazamwa katika ikama na katika bajeti, maombi hupelekwa Utumishi kungojea kibali, na kibali kikipatikana tangazo hupitia Sekretarieti ya Ajira. Na muda wote huo darasa la watu mia kadhaa hufundishwa na msaidizi mmoja aliyekwisha kubebeshwa masomo mengine. Fedha za ada mwanafunzi huzilipa kwa kontroli namba na kuingia katika mfumo wa serikali, na fungu la matumizi mengineyo huja likiwa pungufu, ama haliji. Hapana askari aliyetumwa, hapana hotuba ya Ikulu, na hapana mtu unayeweza kumlaumu. Chuo kina uhuru wote ila wa kumwajiri mwalimu wake.

Na mkono wa kale haujasahau njia. Serikali ilianzisha katika Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu kwa ajili ya upungufu wa walimu wa sayansi, na Mei 2016, baada ya wahadhiri kugoma kwa madai yao ya malipo, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada hiyo wakaamriwa kuondoka. Kama walidahiliwa bila ya sifa, suala la hisabu lilikuwa jepesi: nani alipanga, nani alidahili, na Seneti ilisema nini? Vijana waliambiwa waondoke kwanza, na masuala yakaja nyuma yao.

Mabibi na mabwana, dawa yake haitaki falsafa mpya. Inataka mambo matatu. La kwanza ni uteuzi. Maadam Makamu wa Mkuu wa Chuo huteuliwa na Rais, basi kamati ya kumtafuta iwe ya kweli, sifa zake zitangazwe, na majina yapelekwe na Baraza, ili anayeteuliwa ajue kwamba ana waajiri zaidi ya mmoja. La pili ni mfuko. Waingereza, ambao twalikopa umbo la vyuo vyetu kwao, walikuwa tangu 1919 hata 1989 na kamati ya ruzuku iliyosimama baina ya Hazina na vyuo, na kwa muda mrefu wa uhai wake ikigawa fedha kwa vipindi vya miaka mitano mitano. Chuo kinachojua fungu lake la miaka mitano hupanga, na kinachongojea la mwezi ujao huomba. La tatu ni ubora. Tume ina haki ya kukifungia chuo kinachouza shahada, na itumie haki hiyo bila ya haya. Lakini ikipima, ipime mhitimu anajua nini, isishughulike na kurasa ngapi za mtaala zimepigwa muhuri.

Na kwetu sisi wahadhiri ninalo neno. Hatuwezi kudai dola itoke darasani ilhali mitihani yetu husahihishwa kwa kuchelewa, mwanafunzi wa kike hutakiwa rushwa ya mwili, na hesabu za miradi yetu haziwi wazi hata kwa wenzetu wa idara moja. Mkaguzi wa nje huingia kwa ufa ambao sisi wenyewe tumeuacha. Seneti inayomwadhibu profesa wake mwenyewe kwa khiyana haitahitaji Waziri aje kuifanyia kazi hiyo.

Kwa hiyo natoa nasaha kwa pande zote mbili. Serikali na ilete wakaguzi wake kila mwaka, wafungue kila kabati na kusoma kila risiti, na matokeo yake yasomwe Bungeni na magazetini. Ikisha kufanya hivyo, iyaachie Mabaraza kazi ambayo sheria imeyapa. Nayo Mabaraza yakutane, yaamue, yaandike sababu za maamuzi yao, na yaache desturi ya kungojea simu. Sheria tunayo tangu 2005. Kilichobaki ni kuifuata.