Unga Unaokunywa: Punje ya Sabuni kati ya Kibaha na Kisarawe



Mezani hapa nimeweka chupa tatu. Tutazifikia. Kwanza tutoke nje kwa mawazo, twende kwenye barabara yoyote ya vumbi kule Kisarawe, mwezi Machi, dakika ile mvua ya kwanza inapoanza kudondoka. Tone likianguka kwenye vumbi jingi halizami papo hapo. Linajiviringisha, linajivika vumbi, linakuwa kijipira kibichi ndani na kikavu nje. Watoto wanavijua sana vijipira hivyo. Mvua ikikolea, vijipira vinagusana, vinashikana, na baada ya muda kuna gari limekwama na watu wanatafuta wa kulisukuma.

Vumbi, kijipira, tope. Anayetengeneza sabuni ya unga amepewa kazi ya kuusimamisha mchezo huu katikati, kwenye kijipira, na kuhakikisha kijipira hicho hakirudi kuwa vumbi wala hakiendi kuwa tope mpaka kifike kwenye beseni la mama anayefua. Mpishi wa wali anaielewa shida hii kuliko wanafunzi wangu wengi. Maji yakipungua, wali una kiini. Yakizidi, umepika bokoboko. Wali wa sifa ni ule unaochambuka, kila punje imeshiba na bado inajitegemea.

Dukani tunaomba "omo" hata tukipewa pakiti yenye jina jingine kabisa. Hapa Kibaha kuna kiwanda cha Keds kinachotoa Kleesoft, na ukitembea mitaani utakuta pia mafundi wadogo wanaochanganya sabuni kwa pipa na koleo, wengi wao wamepitia mafunzo ya SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Mkubwa na mdogo wanakutana na swali lile lile: unga huu niunywesheje kimiminika bila kuulewesha?

Tuwataje wanaokunywa na wanaonywewa. Upande wa unga yupo magadi, au soda ashi kama wanavyosema wauza kemikali. Yupo salfeti ya sodiamu, ambaye kazi yake kubwa ni kujaza pakiti, ingawa hakuna tangazo la sabuni litakalokuambia hivyo. Upande wa kimiminika mkubwa wao ni asidi ya salfoniki, kitu kizito cha kahawia, kinachovutika kama asali. Hiyo ndiyo inayofua. Lakini ikiwa bado asidi haifai kugusa nguo wala ngozi. Sharti ikutane na alkali igeuke chumvi, na magadi yapo tayari kwa ndoa hiyo.

Hapa hesabu inaonekana rahisi, na urahisi huo ndio mtego. Tuseme unataka kilo 100 za sabuni, na ndani yake kilo 15 za salfoniki. Kwa karatasi, kilo 2 na nusu tu za magadi zinatosha kuimaliza asidi hiyo yote. Mwanafunzi atapiga mstari chini ya jibu na nitampa alama zote. Akienda karakanani na kilo 2 na nusu zake atapata ugali wa kahawia usiobanduka kwenye koleo. Fundi wa mtaani ambaye hajaandika mlinganyo hata mmoja ataweka kilo 30 au 40, na atapata sabuni. Nani amekosea hesabu? Asidi inakutana na punje ya magadi kwenye ngozi yake tu. Sabuni inayozaliwa pale inaifunika punje kama koti la nta, na magadi yaliyo ndani hayaguswi tena. Kwa hiyo magadi hapa yana kazi mbili: ni mchumba wa asidi, na ni godoro la kulalia kimiminika. Mlinganyo unahesabu mchumba, haujui habari za godoro.

Ndiyo maana aina ya magadi ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Yako mepesi, ambayo lita moja ina gramu 500 hadi 600 hivi, na yako mazito, ambayo lita moja inafika karibu kilo nzima. Kikemia ni kitu kimoja. Lakini mepesi yana matundu na nyufa nyingi, yanakunywa. Mazito ni kama changarawe: kimiminika kinabaki juu, kinanata. Ukiona fundi amebadilisha gunia na sabuni yake imeanza kugandana ghafla, usianze kumuuliza kuhusu uchawi wa jirani. Soma gunia.

Nilijifunza haya kwa aibu. Nikiwa kijana nilialikwa kwenye karakana moja, sitaitaja, kusaidia kuandaa mchanganyiko wa kwanza. Nilikuwa na shahada, wenyeji wangu walikuwa na subira. Nikachukua ndoo ya salfoniki nikaimwaga yote katikati ya lundo la magadi, kwa ujasiri wa mtu aliyefaulu mtihani. Katika kilo 15 za asidi kuna uwezo wa kutoa zaidi ya lita 500 za hewa ya kaboni. Magadi yakiwa mengi kila mahali asidi inapogusa, sehemu kubwa ya hewa hiyo inanaswa, inageuka baikaboneti, na hakuna anayeisikia. Nilipomwaga pale mimi, magadi yalikuwa mengi pembeni na machache katikati. Lundo likavimba kama mandazi, likatoa joto, likapanda ukingo wa pipa, kisha likatulia na kuwa jiwe. Tulilivunja kwa sururu. Bibi mmoja aliyekuwa akifunga pakiti alinitazama akasema, "Mwanangu, hivi nyumbani unga wa uji huwa mnautia maji namna hiyo?" Sijapata kusikia muhtasari bora wa somo la uchanganyaji.

Jibu la bibi ndilo jibu la mitambo mikubwa. Kimiminika kiingie kwa matone, unga uwe mbioni muda wote, na pawepo visu vya kuvunja mabonge kabla hayajapata kiburi. Kwanza tone linajivika unga. Halafu vijipira vinagongana, vinakandamizana, unyevu wa ndani unasogea kuja juu, na juu pakilowa vinaanza kuokota vingine. Kuanzia hapo ukuaji haufuati tena mstari ulionyooka. Dakika mbili mchanganyiko unaonekana mkavu kabisa, mhudumu anaongeza kidogo, anaongeza tena kidogo, na ghafla mashine inaunguruma: tope. Mhudumu mzuri anaisikia mashine kabla hajaiona sabuni. Mwishoni anarusha unga mwembamba mkavu juu ya punje, kama anayenyunyiza unga juu ya kibao ili chapati isigande.

Iko njia nyingine, ya mnara. Vitu vyote vinakorogwa na maji mpaka viwe uji mzito, ambao thuluthi au zaidi yake ni maji. Uji huo unasukumwa kwa shinikizo hadi juu ya mnara na kupuliziwa humo kama manyunyu, huku hewa ya nyuzi 250 au zaidi ikipanda kutoka chini. Tone linakauka likiwa njiani, linavimba, linabaki punje yenye uwazi ndani. Ni punje nzuri, inayeyuka upesi, na lita yake ina gramu 300 hadi 500 tu. Ila umelipia maji, kisha umelipia moto wa kuyafukuza maji uliyoyatia mwenyewe. Njia isiyo na mnara inatoa punje nzito zaidi, za gramu 600 na kuendelea kwa lita. Wajapani walizigeuza punje nzito kuwa biashara mwaka 1987, kampuni ya Kao ilipotoa Attack katika kasha dogo la kubebeka kwa mkono mmoja. Kwetu wateja bado wanapima kwa jicho, na pakiti iliyotuna inashinda. Siwalaumu. Mtu anayenunua sabuni ya siku moja ana haki ya kutaka kuiona.

Sasa masika. Kila mwenye duka anajua pakiti iliyokuwa laini Januari inaweza kuwa tofali Mei. Unyevu ukiingia, punje zinayeyuka kidogo pale zinapogusana. Ukikauka, chumvi iliyoyeyuka inaganda upya na kujenga daraja. Salfeti ya sodiamu ina tabia ya ziada: chini ya nyuzi 32 na nusu hivi inapenda kujifunga na maji, juu ya hapo inayaachia. Wakemia walio katika nchi za baridi wanaliona hilo kama jambo la maabara. Ukanda wetu wa Pwani unaishi juu ya mpaka huo. Duka la mabati linauvuka mchana kwenda juu na usiku linarudi chini. Kama pakiti imefungwa na unyevu ndani, chumvi yetu kila siku inafunga na kufungua, inajenga daraja juu ya daraja. Kanuni iliyoandikwa Ulaya na kuletwa hapa bila kuguswa itashindwa, na atakayelaumiwa ni muuza duka.

Ndipo tunamhitaji mnywaji wa tatu, zeolaiti. Iliingia kwenye sabuni miaka ya 1970, Henkel ya Ujerumani ikiwa mbele, kuchukua nafasi ya fosfeti zilizokuwa zikirutubisha magugu ya maziwa na mito. Ni fuwele nyeupe zenye vitundu vya nanomita 0.4. Humo inakamata kalsiamu ya maji magumu na kuachia sodiamu, jambo ambalo anayefua kwa maji ya kisima cha chumvi atalithamini. Watu hudhani vitundu hivyo ndivyo vinavyokunywa salfoniki. Sivyo, molekuli hiyo ni kubwa mno. Kimiminika kinakaa katikati ya fuwele, kwa kuwa ni ndogo sana na nyingi sana, na bado unga unamiminika. Mitambo mingi isiyo na mnara imesimama juu ya mgongo wa zeolaiti.

Na zeolaiti ya sabuni imejengwa kwa silikoni na alumini, moja kwa moja, sawa kwa sawa. Kaolini, ule udongo mweupe, nayo ni hivyo hivyo, moja kwa moja. Uwiano huo umelala katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ambako udongo mweupe umechimbwa mpaka mashimo ya zamani yakawa makazi ya popo. Ukiuchoma udongo huo kwenye nyuzi 600 hadi 700 unapoteza maji yaliyofungwa ndani yake, karibu asilimia 14 ya uzito, na unapoteza mpangilio wake. Uchemshe kwenye kostiki soda chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa, unajipanga upya kuwa zeolaiti.

Msianze kupiga makofi. Udongo wa Pugu umechanganyika na mchanga mwingi, lazima uoshwe, na mchanga uliobaki utakwaruza kola za mashati. Msitu wa Pugu unastahili kuachwa msitu. Kostiki tunaagiza nje. Magadi, ambayo Wakenya wanayavuna Ziwa Magadi tangu enzi za ukoloni, sisi tulitaka kuyachimba Ziwa Natron, na kati ya mwaka 2006 na 2008 mpango ule ukagongana na heroe, kwa kuwa huko ndiko wanakozalia. Nilikuwa upande wa heroe na bado niko huko. Macho sasa yako Engaruka. Upande wa moto tuko vizuri zaidi: bomba la gesi kutoka Mtwara limefika Dar es Salaam tangu 2015, na tanuru la nyuzi 700 haliko mbali na uwezo wake. Ninachodai ni kidogo: kati ya Kisarawe penye udongo na Kibaha penye sabuni, watu wa vyuo tumeruka hatua, tukafundisha asidi na alkali na kumwacha mnywaji.

Chupa zenu. Ya kwanza ni unga uliolewa, igeuzeni, haitoki kitu. Ya pili ni punje nzuri, itamiminika kama chumvi ya mezani. Ya tatu ni udongo wa Pugu uliochomwa na kuchemshwa, wa jaribio la sita. Chukueni kidogo msugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ule ukwaruzo mnaousikia ni mchanga, na jaribio la saba linaanza Jumatatu.