Mchezo wa Bure wa Simu: Mchezaji Anataka Nini?

Hotuba kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia

Najua wengine wenu mlitarajia leo tuzungumze juu ya kuku au juu ya vitabu vya hesabu. Hayo yatafuata. Leo nina jambo ambalo limeletwa mbele yangu katika zaidi ya kikundi kimoja, na kila mara limeleta maneno makali. Ni hii michezo ya mafumbo ya bure iliyo kwenye simu.

Malalamiko ni yale yale. Mama amenunua bando ili atume picha za sukumawiki kwa mnunuzi, akirudi jikoni anakuta mtoto amelimaliza kwa mchezo. Au katibu ameinamia simu mkutano ukiendelea, watu wanadhani anaandika kumbukumbu, kumbe anapanga peremende za rangi. Akiulizwa anajibu, "Si ni bure? Nimeiba nini?" Hapo mzee mmoja anasimama kusema michezo yote ipigwe marufuku. Basi nikaombwa nije niikemee.

Sitaanza kwa kukemea. Katika kazi yetu ya ustawi wa jamii tunafundishwa mapema kwamba kabla ya kumwambia mtu aache kitu, muulize kwanza kinampa nini. Usipojua anachotafuta, atakuitikia "ndiyo" hapa na kuendelea kule nyuma ya nyumba. Kwa hiyo hebu tumsikilize mchezaji.

Kwanza tuelewane ni michezo gani. Sisemi kamari. Kubeti ni jambo lingine na lina siku yake. Nasema ile michezo midogo ambayo mtu anapanga matofali yaingie mahali pake, au analinganisha vitu vitatu vya rangi moja vipotee, au anaunganisha tarakimu, au anatafuta neno. Ni fumbo, kama vile bao kule Pwani au ajua kule ziwani ni fumbo la mbegu na mashimo. Wale wa umri wangu mtakumbuka yule nyoka wa Nokia. Alikuja na simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, anakula, anarefuka, akijigonga amekufa. Hakutaka bando, hakukuonyesha tangazo hata moja. Ukishanunua simu, nyoka ni wako.

Nimekuwa nikiwauliza watu kwa nini wanacheza. Jibu la kwanza huwa ni kungojea. Tunangojea sana, ndugu zangu. Kliniki tunangojea, kwenye posho mill tunangojea, kwenye matatu ambayo haijajaa tunangojea. Mtu anataka kitu kinachoanza mara moja, kinachochezwa kwa kidole kimoja huku mkono mwingine umembeba mtoto, na ambacho akiitwa jina lake anakiacha pale pale bila kupoteza. Mchezo unaomwambia asome maagizo kurasa tatu hautaki. Wala hataki unaojaza simu mpaka picha za watoto zikose nafasi.

Jibu la pili lilinichukua muda kulielewa. Mama mmoja aliniambia, "Hapa tu ndipo ninapomaliza kitu." Nikamwomba anieleze. Akasema sufuria aliyoosha leo itachafuka leo, nguo alizofua jana ziko kwenye beseni tena, na shamba halisemi asante. Lakini kwenye mchezo, safu ikijaa inapotea. Imekwisha! Hakuna anayeirudisha.

Mnaona? Huo si uvivu. Na haukuanzia hapa kwetu. Mwaka 1984 kule Moscow, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Alexey Pajitnov alitunga mchezo wa Tetris, ambamo vipande vinaanguka kutoka juu nawe unavipanga, na mstari ukijaa unafutika. Dunia nzima ikaucheza. Michezo mingi ya matofali mnayoiona kwenye simu leo, hata ule wa Block Blast ambao vijana wanaupenda, ni wa ukoo huo. Kinachopendwa ni kile kile: vurugu kidogo, mikono yako inaipanga, inatulia.

La tatu ni haki. Mchezaji hakasiriki kushindwa, anakasirika kuonewa. Akishindwa kwa sababu aliweka kipande vibaya, anajicheka na kuanza tena. Lakini akiona mchezo umepangwa asiweze kupita pasipo kutoa pesa, moyo unamtoka. Mnajua tofauti hii, maana hata katika mikopo ya chama ndivyo ilivyo. Mwanachama hukubali faini aliyoielewa, haikubali ile iliyotungwa jioni ile ile.

La nne ni utulivu tu. Hakuna anayemuuliza swali, hakuna anayeomba chumvi. Hilo sitalieleza zaidi, akina mama wamelielewa.

Na wazee huniuliza kama michezo hii inanoa akili. Nawaambia utakuwa hodari wa mchezo huo, zaidi ya hapo usimwamini muuzaji. Kampuni ya Marekani inayotengeneza michezo ya akili ya Lumosity ilikubali mwaka 2016 kulipa dola milioni 2, baada ya serikali kuishtaki kwamba matangazo yake yaliahidi watu mambo ambayo haikuwa na ushahidi wa kutosha kuyathibitisha. Cheza kwa sababu unafurahia. Inatosha.

Sasa tuje kwa neno "bure".

Mtu anayetengeneza mchezo ana mshahara wa kulipa, kama fundi yeyote. Kama wewe hulipi, pesa inatoka mahali. Chukueni Candy Crush Saga, ule wa peremende. Ulitoka mwaka 2012. Unapewa uhai 5. Ukishindwa hatua, uhai mmoja unakwenda. Ukiisha wote, unangojea nusu saa upate mmoja, au umwombe rafiki, au ununue. Na ukibaki kidogo tu kushinda, kisha hatua zikakuishia, unaulizwa kama ungependa kununua hatua 5 zaidi. Saa ile ile moyo umewaka! Hawakuulizi asubuhi ukiwa na akili timamu.

Wachezaji wengi sana hawalipi hata senti. Wachache wanalipa, na baadhi ya hao wachache wanalipa nyingi mno. Hivyo ndivyo biashara inavyosimama. Msidhani ni biashara ndogo. Kampuni ya King iliyotengeneza mchezo huo ilinunuliwa mwaka 2016 kwa dola bilioni 5.9, na tangu Oktoba 2023 imo ndani ya Microsoft. Hakuna anayelipa bei hiyo kwa ajili ya peremende za kuchorwa. Amenunua ile nusu saa yako ya kungojea.

Michezo mingine haiuzi uhai sana, inauza macho yako. Kila baada ya fumbo linakuja tangazo. Hapa ndipo bando la yule mama lilipokwenda. Fumbo lenyewe linakula kidogo sana, mara nyingi halihitaji intaneti kabisa. Video ya tangazo ndiyo inayokula. Na ile alama ya kufunga wameiweka ndogo kama punje ya mtama, ukikosea kidole unapelekwa kwingine.

Lakini nisiwaonee watu wa matangazo wote. Wachezaji wenyewe wanatofautisha. Tangazo linalomrukia mtu katikati ya fumbo wanalichukia. Lile ambalo unaulizwa kwanza, "Ungependa kutazama upate uhai mmoja?", wengi hawalikasirikii, maana wamekubaliana bei. Shida ni kwamba bei hiyo inatajwa kwa uhai, haitajwi kwa shilingi za bando. Mtoto hajui kwamba amelipa.

Tena tangazo lenyewe laweza kusema uongo. Mwaka 2020 mamlaka ya kusimamia matangazo kule Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili, la mchezo wa Homescapes na la Gardenscapes. Yalionyesha fumbo la kuvuta vyuma vilivyozuia maji na moto, kumbe mchezo halisi kwa sehemu kubwa ni ule wa kulinganisha vitu vya rangi. Kama hayo yalitokea kwa wenye mamlaka makali, sisi tufumbue macho. Na yale matangazo yanayosema panga matofali upate pesa kwenye simu yako, mimi siyaamini hata kidogo. Ukiombwa "ada ya kutolea pesa", funga. Ukiombwa PIN, funga haraka zaidi.

Basi kuna njia nyingine? Iko. Machi 2014 kijana wa Italia, Gabriele Cirulli, miaka 19, alitunga mchezo wa 2048 katika siku za mwisho wa juma. Vyumba 16, unasukuma tarakimu, 2 na 2 zinakuwa 4, 4 na 4 zinakuwa 8, mpaka ufike 2048 ukiweza. Akautoa bure kweli, hata maandishi yake ya kompyuta akayaacha wazi watu wajifunze. (Vijana wa kikundi cha kompyuta, msisinzie, hii ni yenu.) Lakini angalieni: wengine waliuchukua wakautengeneza upya wakiujaza matangazo. Kwa hiyo jina pekee halitoshi, utazame ni wa nani.

Mwingine ni Josh Wardle, aliyetunga mchezo wa maneno kwa ajili ya mwenzi wake aliyependa mafumbo. Akauita Wordle. Neno moja la Kiingereza lenye herufi 5, majaribio 6, na kwa siku fumbo ni moja tu. Ukimaliza, mpaka kesho. Aliufungulia watu wote Oktoba 2021, na miezi michache baadaye mamilioni walikuwa wanaucheza. Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua.

Nataka mlifikirie hilo. Wenye biashara hutuambia mchezaji anataka zaidi na zaidi. Watu hawa walipewa fumbo moja kwa siku, nao wakalipenda. Candy Crush nao una mpaka, zile uhai 5. Lakini mpaka wa Wordle unakuachilia urudi kwenye kazi yako, na ule mwingine umewekewa bei mlangoni. Yule mama wa sufuria alitaka kumaliza kitu. Mchezo wa aina moja unamruhusu amalize. Wa pili umetengenezwa asimalize kamwe, maana akimaliza hawauzi.

Kwa hiyo kwa yule mzee nasema, usipige marufuku, chagueni. Kabla ya kupakua mchezo kwenye Google Play, soma maneno madogo chini ya jina. Pameandikwa kama una matangazo na kama unauza vitu ndani yake. Wengi tunaangalia picha tu tunabonyeza. Kisha zima data ucheze. Ukikubali kucheza bila data, bando lako liko salama, na mara nyingi hata matangazo hayaji. Ukikataa kabisa kufunguka, umekwisha kujieleza. Kuna mkusanyiko mmoja naupenda, unaitwa Simon Tatham's Puzzles, wa Mwingereza mmoja mtaalamu wa kompyuta. Una mafumbo mengi ya tarakimu na mistari, hauna matangazo, hauuzi kitu, na hautaki intaneti. Haupendezi macho, nawaambieni mapema. Watoto watasema ni wa kizamani.

Ikiwa simu yako ina njia ya kulipia iliyounganishwa na Google Play, ingia kwenye mipangilio uagize kila ununuzi udai nywila kwanza, na nywila hiyo isiwe ile ambayo mtoto anakuona ukibonyeza kila siku. Na simu ya kikundi, ile yenye kumbukumbu za michango na ya kupokelea pesa, hiyo mimi nasema isiwe na mchezo hata mmoja. Hapo nitabaki mkali. Katibu akitaka kupanga peremende apange kwa simu yake, na mkutano ukiwa umefungwa.

Juu ya watoto, msimnyang'anye mtoto simu katikati ya fumbo. Yeye pia anataka kumaliza. Mwambie, "Hilo likiisha, lete." Ukiona haliishi, basi mchezo huo ndio wa kufuta. Mumpe ule wenye mwisho.

Nimesema vya kutosha. Sasa tugawanyike wanne wanne, na kila kundi liwe na angalau simu moja ya kupangusa. Wenye mulika mwizi wasikae pembeni, wao ndio watakaouliza maswali. Fungueni michezo mliyo nayo, someni yale maneno madogo, halafu zimeni data tuone ni mingapi itakayofunguka. Baada ya chai kila kundi litatuambia.