Alama ya Chakula Chako



Mimi nimeishi Nsambya, Kampala, pamoja na Wakongomani wenzetu wengi. Huko mama alipika sombe na kuiuza mlangoni. Nikamchorea alama: chungu na jani la muhogo. Lakini picha nilichukua ya sahani ya watu wengine, yenye samaki mkubwa. Mteja alifungua kopo, akauliza, "Samaki yuko wapi?" Hakurudi tena, na mama aliona haya.

Kwa hiyo nawaomba mkumbuke mambo haya:

1. Piga picha ya chakula chako mwenyewe, kwa kiasi kile unachouza. Tumia sahani safi, karibu na dirisha. Zima taa ya simu, kwani hufanya mafuta yang'ae vibaya.

2. Alama iwe na kitu kimoja na rangi mbili. Ionekane hata ikiwa ndogo kama kifuniko cha soda.

3. Usitumie alama ya UNHCR wala msalaba mwekundu, unaolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Herufi Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, huwekwa tu baada ya bidhaa kukaguliwa na kupata kibali.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatambua haki yetu ya kufanya kazi. Basi tuuze kwa jina letu. Alama humwita mteja. Chungu ndicho humrudisha.