Kitunguu Kisichoingia Chunguni

Leo tuongee habari ya maua. Wengine naona mmeshaanza kucheka: "Maua? Si mambo ya akina mama hayo?" Ngoja kwanza nikupe kisa.

Nilipokuwa kidato cha pili, mama alinituma nichimbue maua yake ya amarilisi, yale mekundu yenye umbo la tarumbeta, ili tuyahamishie mbele ya nyumba. Nikayachimbua, nikakata majani, na vitunguu vyake nikaviweka kwenye kikapu jikoni. Kikapu hicho hicho ndicho kilichokuwa na vitunguu vya mboga! Jioni mdogo wangu akaunga maharage. Kabla hatujalala, nyumba nzima ilikuwa inatapika. Mdogo wetu wa mwisho, mtoto wa miaka minne, alitundikiwa maji zahanati. Tulipona sote, lakini kosa lilikuwa langu, na sijalisahau.

Je, unafahamu kwa nini? Amarilisi huweka akiba ya chakula chake chini ya ardhi. Kitunguu kile ni ghala lake, nalo lina sumu iitwayo laikorini. Usidhani moto utakuokoa. Mwaka 2009 huko Uingereza, watoto wa shule waliugua baada ya kitunguu cha ua la dafodili kutiwa kwenye supu waliyokuwa wanajifunza kupika.

Lipo na ua la porini kwetu, linalotambaa kwa ncha za majani yake, petali zake nyekundu na manjano zimepinda juu kama ndimi za moto. Huitwa gloriosa, na ndilo ua la taifa la Zimbabwe. Kiazi chake hufanana na kiazi kikuu. Hicho ni hatari zaidi: kina kolchisini, sumu inayoweza kuua.

Sasa, usiende kung'oa maua ya mama! Maua haya ni mazuri na hayana gharama. Omba kitunguu kimoja kwa jirani, ukifuate hivi:

1. Kiminye kwa vidole. Kikiwa kigumu, kizuri. Kikiwa laini, kimeoza, kitupe.

2. Panda kabla mvua hazijaanza, mahali penye jua la asubuhi na pasipotuama maji. Changanya udongo na mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Shingo ya kitunguu ibaki nje.

3. Mwagilia kidogo tu mpaka majani yatokeze. Maji mengi ndiyo yanayoozesha vitunguu vingi kuliko ukame. Kama umepanda kwenye kopo, litoboe chini. Ukiweka sahani, mwaga maji yake, maana mbu wa homa ya dengue huzaliana humo.

4. Ua likinyauka, kata bua lake, lakini majani usiyaguse! Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanafyeka ili bustani iwe safi, halafu mwaka unaofuata wanalalamika ua halikutoka. Majani ndiyo yanayojaza ghala. Yaache mpaka yawe ya manjano yenyewe, kisha punguza maji, mmea upumzike.

5. Baada ya miaka michache utakuta vitunguu vitoto pembeni ya mama yao. Vitenganishe, umgawie rafiki. Ukimgawia, mwambie na habari ya sumu.

Ukimaliza kazi nawa mikono kwa sabuni. Vitunguu vya kupanda viweke kwenye mfuko ulioandikwa "SUMU, SI CHAKULA", mbali na jikoni, mahali ambapo mtoto hafiki.

Na mtu akila kwa bahati mbaya? Usimlazimishe kutapika. Usingoje uone kama atapata nafuu. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe kipande cha mmea alioula ili daktari aujue. Sumu ya gloriosa huweza kuchelewa kwa saa kadhaa kabla mtu hajaanza kuumwa, kwa hiyo kutoumwa sasa hivi si dalili ya usalama.

Leo ukifika nyumbani, chungulia kikapu cha jikoni. Kisha waambie wadogo zako ni kipi cha kula na kipi cha kutazama tu. Haya, nani ana swali?