Nani Anamsikiliza Muuguzi?

(Mada iliyotolewa na mwelimishaji wetu wa afya kwa wanafunzi wa sekondari, Litapunga, mkoani Katavi)

 

Naanza na swali. Nani kati yenu amewahi kufokewa na muuguzi? Msinyooshe mikono, hivyo vicheko vimeshanijibu.

Mimi nilifokewa. Nilikuwa kidato cha tatu, nina homa, nimepanga foleni tangu saa moja asubuhi. Nilipofika mlangoni muuguzi akanipigia kelele mbele ya watu, eti nina haraka ya kwenda wapi. Nikaona aibu, nikaondoka bila dawa. Siku ya tatu nilirudishwa nikiwa nimebebwa kwenye baiskeli, malaria imenizidi. Na jamani, ni muuguzi yule yule aliyekesha na mimi usiku kucha akiangalia dripu! Asubuhi akaniambia, "Mdogo wangu, nisamehe. Siku ile nilikuwa sijalala, na alfajiri mama mmoja alinifia leba. Sikuwa na mtu wa kumwambia."

Sikuwa na mtu wa kumwambia. Leo tuzungumzie maneno hayo.

Kuna uchovu wa kawaida, ule ambao ukilala unaisha. Halafu kuna uchovu wa kazi uliopitiliza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba huo si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu. Kwanza, mtu anaishiwa nguvu kabisa. Pili, moyo wake unajitenga na kazi, mgonjwa anamwona kama mzigo tu. Tatu, anajiona hafanyi lolote la maana.

Sasa mtaniuliza, "Dada, hayo yanatuhusu nini sisi?" Yanawahusu sana. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba hapa Katavi, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Kitaifa walikuwa 27. Msichana wa umri wenu anahitaji ushauri mapema, tena kwa siri. Akikaripiwa mara moja harudi, na wenzake wakisikia nao hawaendi. Kwa hiyo muuguzi akichoka kupita kiasi, anayeumia si yeye peke yake.

Je, wafanyakazi wa afya wanaweza kusaidiana wao kwa wao? Niwape mfano wa kweli kutoka kwa majirani zetu Uganda.

Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola uliingia Gulu. Watu 425 waliugua, 224 wakafa. Katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, wauguzi walikuwa wakiuguza wagonjwa na wenyewe wanaambukizwa na kufa. Mwezi Novemba, baada ya kuzika wenzao, waliobaki walikusanyika wakasema imetosha. Mganga mkuu wao, Dk. Matthew Lukwiya, hakuwatisha kwa barua. Alikwenda kukaa nao, wakazungumza kwa saa nyingi. Walimweleza hofu yao na hasira yao. Naye akawaambia kwamba yeye atabaki. Wakarudi wodini. Dk. Lukwiya mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Mazungumzo hayakuiondoa hatari, lakini hakuna aliyeachwa aibebe peke yake.

Si lazima tusubiri Ebola. Hata kwenye zahanati yenye wafanyakazi wawili inawezekana. Mnapanga siku, tuseme kila Ijumaa baada ya kazi, nusu saa. Kila mmoja anasema kilichomlemea wiki ile. Mwenzake anasikiliza, hamkatizi, hamhukumu, wala hakimbilii kutoa mawaidha. Yanayosemwa hayatoki nje, na jina la mgonjwa halitajwi. Mwisho wanaulizana, "Wiki ijayo nikusaidie nini?" Pengine ni kubadilishana zamu ili mwenzako apate kulala.

Msidhani kusikiliza ni kazi ya madaktari tu. Kule Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu.

Lakini tusidanganyane. Mazungumzo hayaongezi wauguzi, hayaleti dawa wala hayalipi mshahara uliochelewa. Hayo ni wajibu wa wakubwa, na lazima wadaiwe. Tena uchovu si ruhusa ya kumtukana mgonjwa. Ukitukanwa, mwambie mzazi au mwalimu, au peleka malalamiko kwa mganga mfawidhi. Na mtu aliyekosa usingizi wiki nyingi, anayekunywa pombe ili asahau, au anayesema bora afe, huyo asiachwe na marafiki peke yao. Apelekwe hospitali haraka.

Wadogo zangu, baadhi yenu mtakuwa wauguzi, wakunga na matabibu. Msingoje mpaka mvae sare nyeupe. Anzeni hapa hapa shuleni. Mwenzako akiwa kimya siku tatu, kaa naye, muulize, "Vipi, kuna nini?" Halafu ufunge mdomo usikilize. Akikupa siri, itunze. Siri ikihusu uhai wake, mtafute mtu mzima unayemwamini.

Na mkienda zahanati, msalimieni muuguzi kabla ya kueleza shida yenu. Muulizeni na yeye, "Za zamu?" Yule wangu hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sikumuuliza.

 Haya, maswali!